Nitajifunza Wapi Kutibu Ngozi?

Siku hizi wengi hapa Goma wananiuliza swali moja: "Docta, twasikia wataka kurudi shuleni. Mtu mwenye watoto watatu, aliyekwisha kusoma uganga miaka mingi, arudi shuleni kutafuta nini?" Nikijibu kwamba nakwenda kujifunza magonjwa ya ngozi, wengine hucheka. Wengine hunyamaza, na kunyamaza kwao kwauma kuliko kicheko. Basi leo napenda kueleza jinsi nilivyolichagua jambo hili, na jinsi nilivyochagua mahali pa kujifunzia. Labda kijana mmoja mwenye kusoma uganga atapata faida, na labda mgonjwa mmoja atapona mapema.

Jambo lenyewe lilianza na kosa langu.

Mwaka 2023 alinijia fundi wa cherehani, mtu wa makamo, mpole, mwenye kibanda cha mbao juu ya mawe ya volkano, kama vibanda vingi vya mji wetu. Alikunja shati akanionyesha baka karibu na kiwiko. Lilikuwa limefifia kidogo kuliko ngozi yake, kubwa kama kiganja cha mtoto. Nikamwuliza, "Linawasha?" Akajibu, "Hapana, Docta, haliwashi. Limelala tu."

Mimi nilidhani maana yake limetulia. Nikaandika hivyo katika daftari, kwa Kifaransa, nikampa mafuta ya choa. Nje ya mlango watu zaidi ya thelathini walikuwa wakingoja, wengine wana homa kali. Baka lisilowasha, ni nani atakayelitazama mara mbili?

Baada ya mwezi akarudi, baka liko vile vile. Nikabadili mafuta. Akarudi tena, nikampa vidonge. Miezi mitano ilipita hivi. Mara ya mwisho alikuja na vidole viwili vimefungwa kitambaa. Alikuwa ameviunguza kwa pasi ya makaa. Nikamwuliza kwa nini hakuuondoa mkono upesi. Akasema, "Sikujua, Docta. Nilisikia harufu kwanza."

Siku ile alikuwapo mwuguzi mzee aliyekwisha kustaafu, amekuja kututazama tu. Zamani, katika kazi yake, alizunguka vijijini kuwatafuta wagonjwa wa ukoma. Aliposikia neno la harufu akasimama. Hakuniomba ruhusa. Alichukua pamba kidogo, akaisokota ikawa na ncha, akamwambia fundi, "Baba, fumba macho. Kila nikikugusa, nionyeshe kwa kidole mahali nilipokugusa." Akamgusa begani, fundi akaonyesha. Akamgusa shavuni, akaonyesha. Akamgusa katikati ya baka mara tatu. Fundi alikaa kimya, macho yamefumbwa, akingoja aguswe.

Kisha mzee akapapasa nyuma ya kiwiko, mahali pale unapojigonga ukasikia mkono mzima unatetema. Akanishika vidole akaviweka pale pale. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba kama kamba. Tulipokuwa peke yetu akaniambia taratibu, "Mwanangu Docta, alikwisha kukuambia. Alikuambia limelala."

Ndugu msomaji, neno hilo sijalisahau. Tena kuna jambo lililoniongezea haya. Nikiwa mtoto nilisoma habari za Padre Damiani, Mbelgiji yule aliyewatunza wagonjwa wa ukoma katika kisiwa cha Molokai hata naye akaugua, akafa mwaka 1889, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa mtakatifu. Husimuliwa ya kwamba siku moja alitia mguu katika maji ya moto sana asisikie maumivu, na hivyo akajua kwamba ugonjwa umemfikia. Habari hiyo niliijua tangu utoto wangu. Ikaja mbele yangu mezani, imefungwa kitambaa, nisiitambue.

Pengine wasomaji wengine hudhani kwamba ukoma umekwisha. Haujakwisha. Katika nchi yetu ya Kongo wagonjwa wapya huandikwa kila mwaka. Chanzo chake si laana wala uchawi, ni kijidudu alichokigundua mganga Armauer Hansen huko Norway mwaka 1873. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia limeagiza kuutibu kwa dawa kadhaa pamoja, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Mwenye ugonjwa mdogo hutibiwa miezi sita, mwenye ugonjwa mkubwa miezi kumi na miwili. Akiisha kuanza dawa, upesi haambukizi tena. Lakini dawa huua kijidudu tu. Mshipa uliokwisha kuharibika haurudishwi hivi hivi. Fundi yule alipona ukoma. Vidole vyake viwili havikunyoka tena, wala havisikii. Sijui ni kiasi gani cha madhara hayo kingezuilika katika ile miezi mitano, lakini najua ya kuwa mlango ulikuwa wazi nami nilikaa mbele yake na mafuta ya choa.

Nikaanza kujichunguza. Katika miaka yote ya chuo, ngozi tuliisoma kwa muda mfupi, tena katika vitabu ambavyo picha zake karibu zote zilikuwa za ngozi nyeupe. Kitabu chasema, "Baka huwa jekundu." Katika ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Huonekana weusi zaidi, au rangi ya zambarau, au pengine kufifia tu. Basi mganga aliyefunzwa kutafuta wekundu atatazama na asione kitu.

Mwaka 2024 ukaja mpox. Ugonjwa huu si mgeni kwetu, maana mtu wa kwanza kujulikana kuwa nao alikuwa mtoto wa Kongo, katika Équateur, mwaka 1970. Lakini mwaka 2023 aina mpya ilionekana Kamituga, katika Kivu ya Kusini, na mwaka uliofuata ikafika katika kambi za wakimbizi kando ya Goma. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Dunia likatangaza hatari kwa mataifa yote. Siku zile kila mama mwenye mtoto mwenye vipele alikuja mbio. Huyu ana tetekuwanga, huyu ana upele wa kuwasha usiku, huyu ana mpox kweli. Ukimweka mwenye upele pamoja na wenye mpox, umemwambukiza wewe mwenyewe. Ukimrudisha mwenye mpox kambini, ambako watu wanane hulala katika hema moja, umewaambukiza wengi. Ndipo nilipoona kwamba ngozi si kazi ya anasa.

Nikaanza kutafuta shule. Wenzangu walinishauri kila mmoja kwa njia yake. Mmoja akasema, "Nenda Ulaya. Huko utapata mshahara na vyombo." Maneno yake yana ukweli. Lakini nilihesabu wale niwajuao waliokwenda kusoma huko, nikawahesabu na waliorudi. Siwalaumu. Mtoto akianza shule huko, akapata rafiki na baiskeli, nani atamng'oa? Nilijijua mimi mwenyewe si shujaa kuliko wao. Kisha mganga huyajua yale ayaonayo kila siku. Kama kwa miaka minne nitaona madoa ya wazee wa kizungu, nitarudi nikiwa hodari wa madoa ya wazee wa kizungu.

Mwingine akasema, "Nenda Afrika Magharibi, kwa wenye Kifaransa kama sisi." Huko Bamako, katika nchi ya Mali, iko hospitali ya ngozi ambayo mwanzo wake ni kituo cha ukoma cha miaka ya 1930, kilichoitwa Marchoux. Nilivutwa sana. Ila ningewauliza wagonjwa habari zao kwa njia ya mkalimani, maana Kibambara sikijui.

Wa tatu akasema, "Kaa katika nchi yako, nenda Kinshasa." Neno hili lilinishika zaidi, maana ni la haki. Chuo Kikuu cha Kinshasa, kilichoanza mwaka 1954 kwa jina la Lovanium, kina walimu wa ngozi, masomo ni kwa Kifaransa, na cheti chake hakihitaji maelezo kwa mtu yeyote wa serikali. Nilikaa na fikira hiyo muda mrefu. Lakini huko wagonjwa wengi husema Kilingala, nami Kilingala changu ni cha nyimbo na cha askari. Tena si mbali kidogo. Chukua ramani, ndugu msomaji, uweke rula. Toka Goma hata Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, wala hakuna barabara ya kutegemewa. Toka Goma hata Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, ni kama kilomita 900.

Mbarara katika Uganda ni karibu zaidi, nako wanafundisha waganga wa ngozi. Karibu nichague huko. Ikabaki Mbarara na Moshi, nami nikaandika maswali katika karatasi. Nayaandika hapa kwa ajili ya kijana atakayefuata njia hii.

Kwanza, nitaona wagonjwa gani? Usitazame jengo, tazama benchi la kungojea. Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, kuna chuo cha ngozi cha nchi nyingi za Afrika, kilichoanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko huja wagonjwa wa ukoma, wa ukurutu, wa magonjwa ya zinaa, wenye ngozi iliyoharibiwa kwa dawa za sokoni. Tena huja watu wenye ualbino, ambao jua letu huwaletea kansa ya ngozi mapema sana. Chuo hicho kimewatunza kwa miaka mingi kwa kuwapima na kuwakata madoa mabaya kabla hayajawa makubwa, na Moshi ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun. Nasi katika Kivu tunao watoto wa namna hiyo, wakiuza ndizi juani bila kofia.

Pili, nani hufundishwa pamoja nami? Chuo cha Moshi hakikuanza kwa kufundisha madaktari wakubwa tu. Kilianza na waganga wasaidizi, wale wanaokaa wilayani, wakasomeshwa ngozi miaka miwili na kurudishwa kwao. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mwuguzi wetu mzee na pamba yake. Huko kwetu mgonjwa wa ngozi hatakutana na daktari mkubwa kwanza. Atakutana na mwuguzi wa kituo cha afya. Basi nataka kujifunza mahali wanapojua kuwafundisha wauguzi, ili nikirudi nijue kufundisha.

Tatu, nitalipa na nini? Hili halisemwi sana, lakini huvunja safari nyingi. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki mganga anayejifunza hivi hulipa karo, huku akitibu wagonjwa mchana na usiku kama wengine. Miaka minne bila mshahara kamili si mchezo.

Nne, je, cheti kitapokelewa nyumbani? Cheti cha nje sharti kikubaliwe na wakubwa wa Kinshasa. Uliza kabla ya kwenda, usiulize ukirudi.

Tano, nitawasikia wagonjwa? Swali hili niliweka mwisho, nalo ndilo lililoamua. Ugonjwa wa ngozi huonekana kwa macho, kwa hiyo watu hudhani kwamba mganga wa ngozi hahitaji masikio. Kumbe yahitajika kuuliza: lawasha usiku au mchana? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Unalala na nani? Ulipaka nini kabla ya kuja kwangu? Swali hili la mwisho ni gumu kupita yote, maana katika soko letu yauzwa mafuta ya kujichubua, mengine yana dawa kali zinazoficha choa mpaka kikapoteza sura yake. Mama hatasema mbele ya mkalimani kwamba amejipaka. Huko Moshi masomo ni kwa Kiingereza, nami sasa kila usiku ninashindana na Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini wagonjwa wengi husema Kiswahili. Si Kiswahili chetu cha Goma. Watanicheka, nami nitawacheka kidogo. Wazee wengine watasema Kichagga au Kimasai, nitahitaji msaada. Lakini mgonjwa akiniambia "limelala," nataka nilisikie neno lile kwa masikio yangu, niulize, "Limelala namna gani, Baba?"

Hivyo nikaandika barua Moshi, nikajibiwa vema. Nikawa tayari kwenda.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita ikaingia Goma. Wasomaji wa huku hawana haja nieleze. Hospitali zilijaa majeruhi hata sakafuni. Siku zile hakuna aliyekuwa mganga wa hiki au wa kile. Kila mwenye mikono alifunga vidonda. Usiku mmoja mwenzangu, nguo zake zimelowa damu, aliniambia, "Na wewe bado wafikiri kwenda kusomea vipele?" Sikumjibu. Sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyesimama siku mbili bila kulala.

Tena mabenki ya mji yakafunga milango, na akiba yangu ya miaka sita ikabaki ndani. Karo ya mwaka wa kwanza ilikuwa humo. Nikaiandikia Moshi kwamba sitafika. Nikaliweka sanduku juu ya kabati.

Nililolijua baadaye ni kwamba mke wangu alikuwa ameongea na ndugu zake. Walikopesha kila mmoja kidogo, na mwingine aliuza mbuzi wawili. Siku aliyoniletea hesabu nilimwambia, "Mama watoto, miaka minne ni mingi, na mji huu hauna amani. Nani atakaa nanyi?" Akasema, "Baba watoto, ulipokuwa hapa vita haikuogopa kuja. Lakini sikubali uende uniache miaka minne. Ukimaliza mwaka wa kwanza, utatafuta chumba, nasi tutakuja. Na ukimaliza wa nne, mimi ndiye nitakayekata tiketi za kurudi, si wewe." Basi kurudi kwangu kumewekwa mikononi mwa mtu mwenye nguvu kuliko mimi.

Yule mwenzangu wa usiku ule nimempata jibu sasa. Ni kweli kwamba risasi huua upesi. Lakini majeruhi wa risasi, watu wote humwona, humkimbilia, humbeba kwa chukudu kama gari hakuna. Yuko na mwingine ambaye hapigi kelele kwa sababu ugonjwa wenyewe umeondoa maumivu. Huyo atakaa benchini kwa adabu, atasema haliwashi, atapokea mafuta na kushukuru. Vita haikumfanya huyu apungue. Imemsukuma kambini na barabarani, ambako hatatafutwa na mtu.

Juma lililopita nilikwenda kwa fundi yule kushona koti jeupe la kazi. Sasa ana kijana anayeshika pasi, yeye hukata na kushona, na vidole vile viwili amejifunza kuvikunja pembeni visiguse sindano. Kila jioni huvitazama kwa macho, mbele na nyuma, kama tulivyomfundisha, maana hawezi kungoja viseme. Nilidhani atanipunguzia bei kwa ajili ya urafiki. Hakupunguza hata faranga. Nami nikaona ni haki.

Nilipokuwa nikilipa nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia waziwazi, ya kwamba nilikosa, na kwamba nilipaswa kujua tangu siku ya kwanza. Akafunga koti katika gazeti, taratibu. Akasema, "Docta, nilijua. Yule mzee alipokugusisha kiwiko changu, niliona uso wako." Kisha akaniuliza huko ninakokwenda ni baridi au joto, kama mtu amwulizaye msafiri yeyote.

Nitapita Gisenyi, Kigali na Rusumo kwa basi, ndipo niingie Tanzania. Lakini kabla sijaenda, sikilizeni neno dogo. Ukiona baka katika mwili wako lililofifia au lenye rangi ya shaba, lisilowasha, usifurahi kwamba haliwashi. Chukua kipande cha pamba, fumba macho, mwambie mwanao akuguse. Kama husikii, nenda kituo cha afya upesi, umwambie mwuguzi jambo hilo kwanza, kabla hajakuandikia mafuta. Na kama mganga ni kijana, ana haraka, na nje watu wanangoja, mwambie mara ya pili.